Naomba ushauri: safari ya siku moja na mama mzazi, ngome ya Stirling na uwanja wa vita wa Bannockburn

Binti wa Chumbageni:
Ndugu wanajamvi, salaam. Ninaishi Edinburgh, na mwezi wa sita mama yangu atakuja kunitembelea kutoka Tanga. Alifundisha historia katika shule ya sekondari mpaka alipostaafu, na nilipomuuliza angependa kuona nini huku Uskoti, hakutaja maduka wala bustani. Ameomba apelekwe Stirling, aione ngome pamoja na mahali Waskoti walipowashinda Waingereza mwaka 1314. Kazini nimepewa ruhusa ya siku moja tu. Nimeona zipo safari za basi zenye mwongoza watalii, zinazoondoka mjini asubuhi na kurudi jioni, lakini nyingi zimeichanganya Stirling na ziwa la Loch Lomond na kiwanda cha wiski, na maelezo yake hayasemi wazi kama abiria hushuka kwenye uwanja wa vita au huonyeshwa kwa dirishani tu. Mama anasumbuliwa na goti, na sala haimpiti. Je, nilipie safari hiyo, nitafute mwongozaji wetu wenyewe, au tupande treni tujiongoze? Na tuanze wapi, ngomeni au uwanjani?

Mzee wa Reli:
Binti, usijisumbue na basi. Treni kutoka stesheni ya Waverley hadi Stirling huchukua takriban dakika 50, na kutoka stesheni hadi langoni mwa ngome mtachukua teksi, kwa sababu njia yote ni mlima. Ndani ya ngome wapo waongozaji wanaotembeza wageni, na huduma yao imo katika bei ya kiingilio. Sioni sababu ya kumlipa mtu wa pili akusomee yaliyokwisha kuandikwa ukutani.

Msomi wa Mwambao:
Kuhusu ngome nakubaliana na Mzee wa Reli, lakini kuhusu uwanja wa vita sikubaliani naye hata kidogo. Ngome hujieleza yenyewe: kuna kuta, kuna kumbi, kuna mizinga, na hata mgeni asiyejua lolote hutoka na kitu. Bannockburn ni majani. Kuna sanamu ya Mfalme Robert Bruce wa Uskoti juu ya farasi, iliyozinduliwa mwaka 1964, kuna mlingoti wa bendera na ukuta wa mviringo wa ukumbusho, na kuna jengo la maonyesho lililofunguliwa mwaka 2014, vita ilipotimiza miaka 700. Mgeni asiye na mtu wa kumweleza hupiga picha na sanamu akaondoka, akidhani ameuona uwanja. Kwa hiyo kama fedha ya mwongozaji ipo, itumike hapo.

Mama yako kwa kuwa ni mwalimu wa historia atauliza kwanza kwa nini vita ilipiganwa mahali hapo na si kwingine, na jibu lake ndilo linalokuambia muanzie wapi. Mwaka 1314 ngome ya Stirling ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na Edward Bruce, ndugu wa mfalme, alikuwa ameizingira. Alipatana na mkuu wa ngome, Philip Mowbray, kwamba jeshi la kuiokoa lisipofika ifikapo tarehe 24 Juni, ngome itakabidhiwa kwa Waskoti. Mapatano hayo ndiyo yaliyomvuta Edward wa Pili wa Uingereza kuja kaskazini na jeshi kubwa kuliko la Waskoti, naye Robert Bruce akamsubiri kwenye njia ya kuelekea ngomeni, mahali penye msitu upande mmoja na ardhi ya majimaji upande wa pili. Ngome ndiyo iliyokuwa inagombewa. Ndiyo maana ningewashauri muanzie uwanjani asubuhi, kisha mpande ngomeni, ili mpite njia ileile ambayo jeshi la Edward lilitaka kuipita likashindwa. Umbali ni kama kilomita 3 hivi.

Siku ya kwanza, tarehe 23, kijana mmoja wa Kiingereza mwenye deraya kamili, Henry de Bohun, alimwona Bruce akikagua askari wake juu ya farasi mdogo, akamwendea mbio na mkuki. Bruce alimkwepa dakika ya mwisho, akasimama kwenye vikuku vya tandiko na kumpasua kichwa kwa shoka. Wasimulizi wa kale wanasema makamanda wake walipomlaumu kwa kuhatarisha maisha yake, yeye alisikitikia shoka tu kwamba limevunjika mpini. Siku ya pili Waskoti walitembea kwa miguu katika vikosi vilivyobanana, mikuki mirefu ikichomoza pande zote, wakawasukuma wapanda farasi wa Kiingereza kwenye kipande chembamba cha ardhi kati ya vijito ambako hapakuwa na nafasi ya kugeuza farasi. Wengi walikufa katika kijito cha Bannock wakijaribu kuvuka.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa maana kinaunganisha sehemu hizo mbili kuliko bango lolote. Edward alikimbilia ngomeni, na Mowbray, mtu wake mwenyewe, akakataa kumfungulia, kwa kuwa kwa yale mapatano ngome ilikuwa imekwisha kupotea na mfalme angeishia kuwa mateka. Akalazimika kukimbia hadi Dunbar na kupanda meli. Bruce alipoichukua ngome hakuilinda. Aliibomoa ili isije ikawafaa tena Waingereza. Basi mwandae mama mapema: karibu majengo yote atakayoyaona ni ya baada ya vita ile. Ukumbi mkubwa uliopakwa rangi ya dhahabu ulijengwa na James wa Nne na kukamilika mnamo mwaka 1503, kasri la kifalme ni la James wa Tano, na kanisa la ngomeni ni la mwaka 1594. Ni majengo ya fahari, na Malkia Mary wa Uskoti alitawazwa humo ngomeni mwaka 1543 akiwa mtoto mchanga, lakini ngome ambayo Mowbray alimnyima bwana wake haipo tena isipokuwa jabali lenyewe.

Mama Salma:
Binti, mpe mama shikamoo zetu. Mimi nitazungumzia goti, maana wanaume hapo juu wamezungumza vita tu. Ndani ya ngome njia nyingi zimetandikwa mawe ya mviringo yenye mteremko, na mvua ikinyesha huteleza. Avae viatu vya raba vyenye kushika, asikubali kuvaa makubazi hata jua likiwaka. Pigia simu ofisi ya ngome kabla ya siku yenyewe, uwaeleze hali yake na uulize wana msaada gani kwa wasioweza kupanda. Uwanja wa Bannockburn una njia nyepesi zaidi, ila ni wazi na upepo hauna huruma, hata mwezi wa sita. Koti la mvua na mtandio mzito ni lazima.

Kuhusu sala, mwezi wa sita Adhuhuri huku huingia kama saa saba na robo mchana na jua huzama karibu saa nne usiku, hivyo muda si tatizo. Tatizo ni ratiba ya watu wengine. Kwenye basi la watalii dereva ndiye mwenye saa, na hatawasubiri. Hicho kiwanda cha wiski nacho mtakaa mkiwangojea wenzenu wanywe. Chukueni vyakula vyenu pia.

Binti wa Chumbageni:
Ahsanteni sana. Nimeridhika kuliacha basi. Yamebaki mawili. Kuna mnara wa William Wallace, yule shujaa wa Waskoti, ng'ambo ya mto. Je, inafaa kuuongeza? Na nikipata mwongozaji wa nusu siku kwa ajili ya uwanja, nitamjuaje kwamba anaijua kazi yake?

Msomi wa Mwambao:
Mnara msiupande. Una ngazi 246 za kuzunguka, nyembamba, na goti la mama halitatusamehe. Tena ni habari ya vita nyingine, ile ya Daraja la Stirling ya tarehe 11 Septemba 1297, ambayo Wallace alipigana pamoja na Andrew Moray. Ukizichanganya zote kwa siku moja, mgeni hurudi nyumbani akidhani Wallace alikuwepo Bannockburn, hali alikwisha kuuawa London mwaka 1305. Mkiwa kwenye kuta za ngome mtauona mnara vizuri, na chini yake mto Forth ukijipinda bondeni, na hapo mama anaweza kuelewa kwa nini kila jeshi lililotaka kwenda kaskazini lilipita Stirling.

Kuhusu mwongozaji, Uskoti kuna waongozaji waliofanya mitihani wakapewa beji ya bluu, na hao ni pa kuanzia. Kisha kabla hujamlipa muulize swali moja: mapigano ya siku ya pili yalitokea wapi hasa? Wanahistoria bado wanabishana, na wengi wanaelekeza upande wa bondeni, mbali na sanamu. Akikujibu kwa uhakika kwamba ni palepale penye sanamu, mshukuru umtafute mwingine. Akianza kukueleza hoja za pande mbili, mpe kazi, na umwambie mapema kwamba atakuwa na mwalimu.

Mzee wa Reli:
Kwa uwanja nimekubali, Msomi. Binti, chukueni treni ya mapema, mwongozaji awapokee stesheni kwa gari lake awapeleke Bannockburn, kisha awashushe ngomeni kabla ya Adhuhuri. Kiingilio cha ngome kikate mtandaoni siku chache kabla, maana kiangazi hujaa. Wakati huo ngome hufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo mtakuwa na muda wa kutosha, na treni za kurudi Edinburgh zipo mpaka usiku.

Binti wa Chumbageni:
Nimeshamwandikia mwongozaji mmoja mwenye beji hiyo, nikamuuliza lile swali la siku ya pili. Amejibu kwa aya nne na ramani. Namlipa kesho asubuhi.