Stendi ya miavuli ya chuma au bakora za kale?

Mtobwe72: Wakuu, nimejichanga mwaka mzima na fedha inatosha kimoja tu: stendi ya miavuli ya chuma cha kusubu, ambayo muuzaji anasema ni ya Coalbrookdale, kile kiwanda cha kusubu chuma cha Uingereza, au bakora nne za kale, mbili za vipini vya fedha na mbili za pembe. Mngechukua nini?

KutuMzee: Pindua stendi kwanza. Ikiwa na alama ya msambamba, umbo lake lilisajiliwa Uingereza kati ya 1842 na 1883. Kuanzia 1884 iliandikwa "Rd No" na namba. Ila alama hiyo inakwambia umbo lilisajiliwa lini, si chuma kilimiminwa lini. Waigaji hutengenezea kalibu kwa stendi halisi, na alama inanakiliwa pamoja na mengine yote. Chuma kikipoa husinyaa, kwa hiyo nakala hutoka ndogo kidogo na nakshi zake hufifia. Pitisha kidole kwenye majani na maua: ya zamani kingo zake ni kali, ya kuiga utadhani imepakwa uji. Halafu itoe ile trei ya kukinga maji uone kama inakaa sawasawa.

Bi_Mpini: Mwanangu, chukua bakora. Ninayo moja ya henzerani, pete yake ya fedha ina mihuri ya simba anayetembea, nanga ya Birmingham na herufi ya mwaka. Hapo hakuna wa kunidanganya. Kikofia cha chuma cha chini kimelika upande mmoja tu, upande aliokuwa akiuegemea mwenyewe. Kila nikiishika namwona anavyotembea.

FundiFimbo: Naungana na Bi Mpini, lakini pima urefu. Nyingi zimekatwa zimfae mnunuzi mfupi, na thamani imeshuka. Tazama pia matundu ya bungua. Yakitoa unga mpya, usiiingize ndani. Na hiyo pembe ni ya nani? Ya ng'ombe au nyati sawa. Ya ndovu, Uingereza wamezuia kuiuza isipokuwa vitu vichache, kwa sheria ya 2018 iliyoanza kutumika 2022. Kuivusha mpaka nako kunataka kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Mtobwe72: Nimerudi na kurunzi. Mpini mmoja una mistari inayopishana kama wavu kwenye kitako.

FundiFimbo: Huo ni wa ndovu. Uache.

Mtobwe72: Na trei ya stendi inachezacheza, haijafika kingo. Nachukua bakora tatu zilizobaki.