Tangu lini ukinunua gari lazima uwe na leseni ya udereva? Hizi yadi zimezidi

Wakuu habari za saa hizi, leo nimekasirika kwelikweli mtanisamehe maandishi.

Bi mkubwa wangu kajichanga na vikoba vyake mpaka kapata hela ya Noah used ya kubebea mzigo wa vitenge. Dereva yupo, kijana wa mtaani kwetu, leseni yake iko hai. Tukaenda yadi moja hapa Dar, gari tukaikagua na fundi, tukalipa advansi, tunarudi kumalizia wanamwambia mama lete leseni yako la sivyo mkataba hatuandiki!! Mama ana miaka sitini na kitu, hajawahi kushika usukani na hana mpango huo.

Nauliza hiyo sheria wameitoa wapi? Leseni ni ya yule anayeendesha barabarani, ndo Sheria ya Usalama Barabarani inavyotaka. Kumiliki gari ni habari nyingine. Ili gari iingie jina lako watu wa mapato TRA wanataka TIN, yani namba ya mlipakodi, na TIN siku hizi unaipata kwa namba ya NIDA, mama vyote anavyo. Mbona kampuni zinasajili malori kwa jina la kampuni, hapo leseni inakuwa ya nani? Na matajiri wa daladala na mabasi ya mikoani wote wana leseni daraja C ya kubeba abiria?

Halafu dalali wao anamwambia mama piga picha kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma nitumie WhatsApp, hivi hivi tu, kwenye simu yake binafsi. Namba ya NIDA ndo hiyo hiyo inayosajili laini za simu, ikizagaa kwa watu usiowajua likitokea la kutokea unaitwa wewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 lakini hawa jamaa ni kama haiwahusu.

Sasa kilichonipandisha presha hasa, nikasema na mimi nione kadi ya gari, naikuta ina jina la mtu mwingine kabisa ambaye si yadi wala si dalali. Yuko wapi? Eti kasafiri. Kitambulisho chake? Hawana. Barua ya kuwaruhusu wamuuzie? Hamna. Yani mama yangu avuliwe nguo kwa makaratasi wakati anayeuza hata hajulikani, kesho mwenye jina akijitokeza anasema gari yangu imeibiwa tunajitetea na nini, na faini za trafiki zinazosoma kwenye hiyo namba nani analipa?

Tumesema basi turudishieni advansi yetu, wanajibu hairudi mpaka gari ipate mteja mwingine. Kivipi, wakati walioleta sharti jipya baada ya kupokea hela ni wao?

Jumatatu tunarudi pale na wakili. Aliyewahi kudaiwa leseni yadi aseme hapa, na anayejua ofisi gani inawasimamia hawa wauza magari aniwekee, maana mama usiku halali.