Eti madume wangu wa nyuki wamemharibia malkia wake!

Jamani nna hasira hata kahawa hainipiti. Yule bwana wa mizinga ya buluu (mnamjua, jina la nini) leo tunatoka msikitini, viatu bado mkononi, kanizuia mlangoni mbele ya watu, mbele ya MKWE wangu: "Madume wako wameniharibia mabinti zangu wa Kitaliana. Nataka fidia."

Fidia! Mbele ya mkwe! Msikiti mzima ukadhani nna vijana wahuni wanaoruka kuta za watu usiku.

Malkia wa nyuki wa Kitaliana kamleta mwenyewe kwenye kijisanduku cha wavu, sijui kwa ruhusa ya nani. Kundi likagawanyika, malkia wapya wakatoka kupandwa. Na malkia hapandwi mzingani, hupandwa angani, na madume kumi, kumi na tano. Angani hapa Konde kuna madume gani zaidi ya nyuki wetu wa asili? Niwafunge kamba? Dume hana mwiba, hana baba, katoka kwenye yai lisilorutubishwa, na akishapanda tu huanguka kafa. Fidia adaiwe maiti?

Eti kizazi kimekuwa kikali. Brazil ilichukua malkia wa nyuki wa Afrika 1956, mwaka wa pili makundi 26 yakatoroka yakachanganyika na nyuki wa huko, 1990 wameshaingia Texas. Nchi na majeshi yao wameshindwa kuwazuia, nitaweza miye na mizinga ya magogo? Anayechanganyiwa mbegu ni miye! Kisha nidaiwe. Viatu mkononi. Mbele ya mkwe.

Mpakacha: Mkwe kasemaje?

Mwenye uzi: Kakohoa. Kikohozi kile wallahi kimeniingia mifupani.

Bi Karafuu: Madume kumi na tano, mahari kumi na tano. Lipa yakhe 😂😂

Mkandaa: Ila nyuki wako kweli wakali. Sikukuu walimkimbiza muuza urojo mpaka baharini.

Mwenye uzi: Wale si wangu!! Na nazungumzia fidia hapa.

Bi Karafuu: Afadhali nyuki. Mbuzi wa jirani yangu kalala juu ya jamvi la karafuu, nikisema naambiwa "mbuzi hajui mpaka".

Mpakacha: Mweusi, pembe moja? Kala kanga ya mke wangu, doti nzima!

Bi Karafuu: Huyo huyo! Mwenyewe si yule wa vespa?

Mkandaa: Wa vespa ana deni langu la saruji tangu masika.