Kwa nini uzi mmoja wa DNA unanakiliwa kwa vipande vipande?

daftari_la_bio:
Wakuu, naombeni msaada. Tangu jioni nachora DNA inavyojirudufu na nimekwama mahali pamoja. Nyuzi mbili zilizosokotana, herufi zake zikipatana A kwa T, G kwa C, hapo sina shida. Kwamba nyuzi zimelala mzungu wa nne, mmoja ukianzia 5' mwenzake unaanzia 3' (ndiyo majina ya ncha mbili za kila uzi), nalo nimeelewa. Helikesi inazifumua, polimerasi inafuata nyuma ikijaza herufi. Sasa mbona uzi mmoja unajazwa mfululizo na wa pili unajazwa kwa vipande, kinyumenyume, hadi laigesi ije kuviunga? Si seli ingekuwa tu na polimerasi ya pili inayokwenda 3' kuelekea 5'? Kitabu changu kinasema "polimerasi huenda upande mmoja" na kufunga mjadala.

mwalimu_wa_seli:
Hilo ndilo swali ninalolisubiri kila mwaka darasani. Shika penseli. Nyukliotidi inayoingia usiichore kama herufi tupu, ichore na mkia wa fosfeti tatu. Inapojiunga, fosfeti mbili zinakatika, na nguvu inayotoka hapo ndiyo inayolipia kiungo kipya. Yaani kila mgeni anakuja na nauli yake.

Sasa tuseme herufi imekosewa. Polimerasi inarudi hatua moja na kuikata. Ncha ya uzi inabaki nzima, na mgeni anayefuata anakuja na nauli yake, kazi inaendelea. Kisha chora ile polimerasi yako ya kinyume. Huko fosfeti tatu zingekuwa kwenye ncha ya uzi unaokua, si kwa mgeni. Kata herufi iliyokosewa na nauli imeondoka nayo. Uzi umekwama hapo hapo.

Kwa hiyo vipande ni gharama ya kuweza kusahihisha, na inafaa kulipwa. Bila masahihisho polimerasi hukosea takriban herufi 1 katika kila 100,000. Seli ya binadamu inanakili herufi kama bilioni 6 kabla ya kugawanyika. Piga hesabu mwenyewe: makosa 60,000 kwa mgawanyiko mmoja! Masahihisho hayo, pamoja na ukarabati unaofuata, hushusha makosa hadi karibu 1 katika bilioni.

nyuzi_mbili:
Mwalimu kamaliza. Naongezea kwamba vipande hivyo vina jina, vipande vya Okazaki, kwa heshima ya Reiji na Tsuneko Okazaki, mume na mke kutoka Japani, walioonyesha jambo hili miaka ya 1960. Waliwapa bakteria herufi yenye mionzi kwa sekunde chache tu, wakakuta imeingia kwenye vipande vifupi. Laigesi ikiwa mbovu, vipande vinarundikana bila kuungwa. Reiji alifariki 1975 kwa saratani ya damu. Akiwa kijana alipatwa na mionzi ya bomu la Hiroshima. Mimi jina hilo siwezi kulisoma bila kumkumbuka.

daftari_la_bio:
Asanteni sana, nimechora upya na nimeona. Ila mchoro umeniletea jingine: kila kipande kinaanza na kianzio, yaani kijipande kifupi cha RNA (molekuli ndugu ya DNA), ambacho baadaye kinaondolewa. Cha mwisho kabisa, pale ukingoni mwa kromosomu, kikiondolewa nani anajaza pengo?

mwalimu_wa_seli:
Hakuna anayelijaza. Ndiyo maana kromosomu zetu zinafupika kidogo kila seli inapogawanyika, na ndiyo maana ncha zake zina TTAGGG iliyorudiwa maelfu ya mara, sehemu isiyobeba jeni. Seli chache, zikiwemo zinazozaa mbegu na mayai, zina kimeng'enya cha telomerasi kinachorefusha ncha hizo tena. Chora na hiyo.