Shamba la kikundi: tulime pamoja au tukatiane ngwe?

Mleta mada (Ruangwa): Wadau, hoja hii imetugawa hapa kijijini, naomba tuijadili bila matusi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inapitia vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Sawa. Sasa kikundi kikishakodi shamba la ufuta, pita saa tatu asubuhi wakati wa palizi. Waliofika ni wengi, wanaolima wachache. Mmoja ananoa jembe tangu alfajiri, wengine wako chini ya mwembe "wanasubiri maji". Na hao hao mashambani kwao hakuna hata jani!

Msiniambie ni uvivu. Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, akachapisha matokeo 1913: wakiwa wanane, kila mmoja alitoa kama nusu tu ya nguvu zake za peke yake. Mtasema hawakuvuta kwa mpigo mmoja, na kweli hilo lilichangia. Lakini 1974 Alan Ingham na wenzake waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawaaminisha kwamba nyuma yao kuna wenzao wanavuta. Hakukuwa na mtu anayevuta, na bado nguvu zilishuka. Mtu hutegea pale jasho lake lisipojulikana ni lipi.

Kwa hiyo msimamo wangu: deni moja, shamba moja, ila kila mtu apimiwe ngwe yake kwa kamba, na kijiti kichomekwe.

Mwanavikoba (Masasi): Nakuunga mkono nusu. Vikoba, yaani vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, havina mtegaji kwa sababu hisa inahesabiwa mbele ya wote na kuandikwa. Lakini mwenye mimba ya miezi minane naye apimiwe ngwe sawa na wewe?

Mzee wa Newala: Wanangu, shamba la ujamaa nimelilima miaka ya 70. Kwetu yaliandikwa mahudhurio. Ukisimama na jembe lako hadi mchana, siku yako ilihesabiwa sawa na ya aliyemenyeka. Baadaye tukakatiana ngwe. Basi watu wakaanza kufukia majani kwa udongo! Ngwe imeisha mapema, mtu huyo kwenye mikorosho yake. Mvua mbili tu, majani yamerudi yote. Kamba inapima urefu wa ngwe, haipimi palizi.

Kijana wa Lindi mjini: Kwani lazima kikundi? Mkopo apewe mtu, alime, alipe. Kwisha.

Mleta mada: Kijana, wengi wetu hatuna cha kuweka rehani, ndiyo maana tunadhaminiana. Ukiwa na hati ya nyumba hongera, nenda benki.

Mzee, shikamoo. Umenipata pabaya. Basi ngwe ikaguliwe baada ya mvua, si siku ile ile, na aliyefukia arudie. Dada wa Masasi, mjamzito ashike daftari na kazi ya kupepeta, kwetu hilo halina ubishi.

Tulipokwama ni kwenye mauzo. Ufuta unauzwa mnadani kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), hela inaingia kwa jina la kikundi. Wanaofuata ngwe wanataka kila mtu alipwe kwa mavuno ya ngwe yake. Wengine wanasema ngwe ya bondeni na ya kichangani hazizai sawa, tugawane pasu kwa pasu. Mliokwisha kuvuna hivi, mligawanaje?