Upele umeingia chuoni, naomba ushauri

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Pemba, nafundisha watoto Qur-ani. Upele umewaandama: vipele baina ya vidole, usiku hawalali kwa kujikuna, wengine wameshafanya vidonda vya usaha. Kituo cha afya wanatoa BBE (dawa ya kupaka ya benzyl benzoate), lakini anapakwa mmoja, ndugu anaolala nao kitanda kimoja wanaachwa, na baada ya muda anarudi vilevile. Kwa aliyeambukizwa mara ya kwanza muwasho huchelewa hata wiki 4 hadi 6, kwa hiyo wasiojikuna nao huambukiza!

Fiji, visiwa vya Pasifiki, walimezesha watu dawa ya ivermectin kisiwa kizima, upele ukashuka kutoka asilimia 32 hadi 2 kwa mwaka mmoja. Sisi tuliimeza kwa matende. Tukitaka tupewe na kwa upele, tumwendee nani, sheha (kiongozi wa mtaa) au daktari wa wilaya? Na wajawazito na watoto wachanga wapakwe nini?