Seti ya filamu shambani: ibomolewe au ibaki?

Mleta mada
Wakuu, msimamo wangu ni huu: kampuni ya filamu ikimaliza kazi kwenye shamba au hifadhi, ibomoe kila ilichojenga na irudishe ardhi ilivyokuwa. Seti kubaki iwe kwa mkataba wa pili, unaojitegemea.

Najua mtanitajia Matamata, New Zealand, shamba la kondoo la familia ya Alexander lenye ekari 1,250, ilikopigwa The Lord of the Rings. Haya, tuanzie hapo. Ujenzi ulianza Machi 1999, na jeshi la nchi hiyo ndilo lililochonga barabara ya kilomita 1.5 hadi kwenye seti. Nyumba zilikuwa za mbao zisizotiwa dawa, plaiwudi na stairofomu (povu gumu jeupe la plastiki), vitu vya kudumu msimu mmoja. Kazi ilipokwisha, ubomoaji ukaanza. Mvua ikausimamisha, zikasalia kuta 17 tupu za mbele za nyumba, na mwaka 2002 wageni wakaanza kutembezwa humo. Mafanikio hayo yaliletwa na mvua. Nani alikuwa ameyapanga?

fundi_seti
Mkuu, umeishia nusu ya hadithi. Mwaka 2009 watengenezaji wa filamu walirudi Matamata kwa ajili ya filamu za The Hobbit na kujenga upya kwa vifaa vya kudumu, na hilo lilipangwa. Hata mwaloni ulio juu ya Bag End, nyumba ya mhusika mkuu, ni wa bandia, majani yake yaliagizwa Taiwan na kufungwa kwa mkono moja moja.

Ona pia kwamba hawakuikarabati seti ya kwanza. Plaiwudi ya kawaida hunywa maji kupitia kingo zilizokatwa, tabaka zinaachana, misumari inalegea. Plasta iliyopakwa juu ya waya wa kuku hupasuka fremu ikijipinda kidogo tu. Stairofomu ndiyo mbaya zaidi: ikimeguka, chembe zake husambaa kwenye nyasi na mifereji, mifugo inazimeza. Kwa hiyo swali la ibaki au isibaki hujibiwa kabla ya msumari wa kwanza. Ikiwa itabaki, tumia mbao zilizotiwa dawa au tofali, weka mifereji nyuma ya kila ukuta unaoegemea kilima, na tenga mapema nafasi ya vyoo na maegesho. Kuja kuviongeza baadaye ni kubomoa tena.

jangwani
Nampa pointi mleta mada, ila kwa mfano mwingine. Ong Jmel, karibu na Tozeur, Tunisia, kuna mji wa maigizo wa Mos Espa uliojengwa 1997 kwa ajili ya filamu ya Star Wars. Nyumba ziliachwa jangwani. Eneo hilo lina barkani, yale matuta ya mchanga yenye umbo la mwezi mwandamo ambayo upepo huyasukuma mita kadhaa kila mwaka. Tuta moja likafika kwenye seti na kuanza kufukia nyumba. Wageni wanakuja, wenyeji wanauza chai na kupandisha watu ngamia, lakini gharama ya kuhamisha mchanga na kuziba nyufa ilitakiwa iandikwe kwa jina la mtu tangu mwanzo. Seti isiyo na fungu la matengenezo ni taka yenye mandhari nzuri.

mkoko
Wote mnazungumza kama kwamba kubomoa kunamaliza jambo. Kwenye ghuba ya Maya Bay, Thailand, filamu ya The Beach ilipigwa 1999. Ili ufuo upendeze kwenye kamera, walisawazisha matuta ya mchanga, wakang'oa mimea ya asili na kupanda minazi. Baadaye minazi iliondolewa na mimea ikarudishwa. Lakini mizizi ya zamani ndiyo iliyokuwa imeshika mchanga, na mche mpya hauwezi kazi hiyo mbele ya mawimbi ya msimu wa kwanza. Mmomonyoko ukafuata, na kesi mahakamani ikachukua zaidi ya miaka 20. Kisha filamu yenyewe ikavuta hadi watu 5,000 kwa siku. Ghuba ikafungwa 2018, ikafunguliwa 2022, na sasa boti haziruhusiwi kuingia ndani yake. Mleta mada, kifungu chako cha kubomoa kingezuia lipi hapo?

Mleta mada
Umati kisingezuia, nakubali. Ndiyo maana idadi ya wageni lazima iwekwe na mwenye hifadhi, siyo mwenye filamu. Kuhusu ardhi nashikilia langu, kwa masharti makali zaidi: udongo wa juu ukwanguliwe na kuhifadhiwa kando kabla ya ujenzi, picha zipigwe kutoka vituo vile vile kabla na baada, na dhamana ya fedha inayowekwa na kampuni isirudishwe siku lori la mwisho linapoondoka. Isubiri msimu mzima wa mvua upite. Matuta ya pwani yenye mimea yasiguswe kabisa.

fundi_seti
Dhamana ashike nani? Akishika mwenye shamba, atakuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe. Ikishikwa na serikali, mkulima atasubiri fidia hadi mbuzi wazeeke. Naona benki, na mkaguzi aliyekubaliwa na pande zote mbili, alipwe na kampuni kabla ya kazi kuanza.

jangwani
Na mkaguzi huyo aje mara ya kwanza kabla ya barabara kuchongwa. Mara nyingi kilima hukatwa na barabara, seti inakuta kishaharibika.